Karatasi Inayosema Arudi Baada ya Wiki Mbili

Dada Emi,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta nimeandika "natumaini hujambo". Mkono umezoea. Tangu ulipoolewa Masieda nikabaki nyumbani na daftari zangu za shule, nilikuwa nakuandikia hivyo, nawe unajibu kwa mistari miwili, halafu unalalamika kwamba barua zangu ni fupi. Sasa sijui mtu aliyefariki anaandikiwa vipi. Nimechana karatasi mbili. Hii ya tatu siichani, nitaandika hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Nilivimba titi. La kushoto, kama lako.

Lusia ana miezi minane sasa na ameota meno mawili, na kwa hayo mawili ananing'ata kama mbuzi. Chuchu ilipasuka, nikapuuza, nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza. Siku ya nne nikawa natetemeka juu ya cherehani, titi limekuwa jekundu na la moto, hata kitambaa cha blauzi kikigusa naruka. Nilijua mara moja kwamba ni saratani. Boay akajua mara moja kwamba ni maziwa yameganda. Tukagombana mimi na mume wangu kuhusu kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekiona, na nilipokuwa nagombana nikakukumbuka wewe, kwa sababu kwako ilikuwa kinyume. Kwako sisi wote tulijua ni maziwa yameganda. Mama mkwe wako alijua, wa zahanati waliokupa vidonge mara mbili walijua, mimi nilijua. Ulikuwa unamnyonyesha Neema, na titi linalonyonyesha tunalipa ruhusa ya kuvimba. Hakuna aliyelitaja hilo neno lingine.

Nikaenda hospitali ile ile niliyokupeleka. Chumba ni kile kile, pazia ni lile la kijani lenye pindo lililoachia. Nilitamani kulishona siku ile na wewe, na safari hii nilitamani tena. Daktari pia ni yule yule mama mrefu, mgeni wa huku kwetu, anayeongea taratibu. Aliponipaka yale mafuta ya baridi ya kupimia kwa ultrasound nikakusikia kabisa ukicheka. Unakumbuka ulivyomuuliza? Umelala pale, homa imekushika, ukaangalia kwenye ile televisheni yake ndogo ukamwambia, "Sasa daktari, ni wa kike au wa kiume?" Alicheka mpaka kile kichwa cha mashine kikateleza. Nilikuonea aibu wakati ule. Siku hizi nikikumbuka ndicho kitu kimoja katika habari yote hii kinachonifanya nicheke, halafu nalia, na Lusia ananishangaa.

Mimi ni fundi nguo, dada. Kitu nakiangalia upande wa ndani, ndiko fundi mbaya anakoficha makosa yake. Kwa hiyo nilimwomba daktari anigeuzie ile picha na mimi nione. Akanionyesha. Penye usaha ni peusi, na ndani ya weusi kuna chembechembe zinaelea ukibonyeza. Pembeni nyama imevimba, inaonekana ya kijivu iliyochafuka. Akabonyeza kitufe, zikatokea rangi nyekundu na buluu, akasema hiyo ni damu inavyopita. Katikati ya ule weusi haipiti, pembeni inapita kwa wingi kwa sababu mwili unapigana. Nikamuuliza, "Na saratani inaonekanaje?" Akasema mara nyingi huonekana kama donge gumu lenye kingo zisizonyooka, lakini titi likiwa limevimba na lina maziwa, vitu hivyo viwili vinaweza kufanana sana, ngozi inakuwa nene kwa vyote viwili, na uvimbe unaweza kufunika kilichoko nyuma yake. Akasema, "Picha inanisaidia kujua pa kutoboa. Na inanisaidia kujua lini sijui."

Hilo la mwisho limenikaa kichwani. Nilidhani watu wanakwenda kwenye mashine ili wajue.

Akatoa usaha kwa sindano huku anaangalia kwenye picha, kama alivyokufanyia wewe. Akanipa dawa, akaniambia niendelee kunyonyesha, na akaandika kwenye karatasi: arudi baada ya wiki mbili, picha irudiwe, kama kuna kilichobaki achukuliwe kinyama, yaani kipande cha kupimwa maabara. Nikasoma. Nikasoma tena. Dada, ni maneno yale yale. Nafikiri hata kalamu ni ile ile.

Ndipo akaniuliza, "Wewe si ndiye uliyemleta dada yako? Kwa nini yule hakurudi kwa tarehe yake?"

Nikamwambia kulitokea metimani. Akauliza metimani ni nini. Umewahi kumweleza mtu wa mbali kitu ambacho umezaliwa nacho? Nilimwambia kwamba mke wa mdogo wake shemeji, mnayekaa naye boma moja, mimba yake ilitoka. Nikamwambia kwetu Wairaqw mimba ikitoka, au mtoto wa kunyonya akifa, nyumba inafungwa kwa miezi. Watu wake hawatembelei wengine, hawavuki kijito, hawaazimi moto wala jembe, mtu akikutana nao njiani anapita pembeni, maana bahati mbaya yao inaweza kumfuata mtu hadi kwenye ng'ombe wake na watoto wake. Nikamwambia siku hizi si kila mtu anashika, katekista alishawaambia waende tu. Nilivyokuwa nasema nilijisikia kama ninayesimulia habari za watu wengine. Daktari hakucheka wala hakukunja uso. Akauliza tu, "Kwa hiyo alizuiwa?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na mpaka leo sijatoka.

Kwa sababu hukuzuiwa. Hakuna aliyekufunga kamba. Ulinipigia simu ukaniambia, "Mdogo wangu, nikipanda gari la watu na kesho ng'ombe wa mtu akafa, nitasema nini?" Titi lilikuwa limetulia, homa imekwisha, unalima. Ukasema utakwenda nyumba ikifunguliwa. Nami nikasema sawa. Mimi, mtu wa mjini Katesh, mwimba kwaya, ninayewaambia wanawake wenzangu kwamba hayo mambo ni ya wazee, nikasema sawa dada, pumzika.

Sasa nikuambie kitu ambacho nadhani ulikijua. Ungeniomba nije kukuchukua nisingekuja. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilimwambia Boay barabara ni mbaya, nikamwambia nina kazi nyingi za watu, na barabara kweli ilikuwa mbaya na kazi kweli zilikuwepo. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kukanyaga kwenye boma lenu na tumbo langu. Nilipoteza mimba mbili kabla ya Lusia, unajua. Niliogopa ya tatu. Mbele ya watu siamini metimani hata kidogo, na bado iliniweka nyumbani miezi minne.

Kuna jingine. Siku tuliyotoka hospitali, nikiwa bado naliona akilini lile bakuli la chuma walilotilia usaha wako, maana tulifurahia ule usaha kama watu waliopata mvua, nilimtumia shemeji Tluway ujumbe kwenye simu. Niliandika: "Si kitu kibaya. Ni usaha tu." Daktari hakusema hivyo. Daktari alisema kuna sehemu ya nyuma hajaiona vizuri kwa sababu ya uvimbe, urudi aiangalie. Mimi nikaipunguza habari kama ninavyopunguza gauni. Nilikuwa nataka shemeji afurahi. Nilikuwa nataka mimi mwenyewe nifurahi.

Nyumba ilipofunguliwa na shemeji akakupeleka, titi lilikuwa limekuwa gumu, ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na kwapani kuna madonge. Wakachukua kinyama. Jibu ulilijua kabla yangu, na ulinificha kwa wiki nzima kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimejifungua. Mlipopita hapa Katesh mkienda hospitali ya kanda, uliingia chumbani nilikolala na Lusia, ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Nimshike?"

Dada, wewe hukuwahi kuniomba ruhusa ya kitu chochote maishani mwako. Ulivaa nguo zangu ukazirudisha bila vifungo. Ulikula nyama yangu nikiwa naiangalia. Na siku ile ukasimama mlangoni unauliza kama unaweza kumshika mtoto wangu. Nikajua kwamba ulijua kilichoniweka nyumbani. Nikasema, "Mshike," na nikaona unaona kwamba nimechelewa kidogo kusema. Ulimshika, ukamnusa kichwani, ukasema ana kichwa kikubwa kama cha baba. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Nilidhani tungepata muda.

Nilimuuliza daktari kama ungerudi kwa ile tarehe ungepona. Nilitaka aseme ndiyo ili nijue nina kosa kubwa kiasi gani, na nilitaka aseme hapana ili nilale. Alisema hajui. Alisema picha ya kwanza haikudanganya, ilionyesha usaha na usaha ulikuwepo, kingine kilikuwa nyuma yake. Alisema huenda kilikuwa kimeshatembea, huenda hakikuwa. Nikatoka pale na hasira naye. Mtu amesoma miaka yote hiyo anakuambia hajui, tena kwa upole, huwezi hata kumgombeza. Halafu njiani nikafikiri kwamba labda ni yeye peke yake katika habari hii aliyesema hajui. Sisi wengine wote tulikuwa tunajua.

Sasa nikupe habari za nyumbani kwako, maana najua ndizo unazozisubiri tangu mstari wa kwanza. Neema anatembea. Anashika ukuta, anaachia, anaanguka, anakasirika kama wewe. Anakunywa maziwa ya yule ng'ombe wako mwenye baka, na bibi yake anamlisha uji kwa kijiko kile kirefu. Shemeji amepungua. Mahindi yametoka vizuri, maharage yamepigwa na baridi. Baada ya msiba wako nyumba ilifungwa tena, kwa sababu umeacha mume na mtoto wa kunyonya, na mpaka leo haijafunguliwa. Nimekuwa nikipata habari zao kwa simu tu.

Ndiyo maana jana sikuelewa nilichokiona.

Nilikuwa nje naanua nguo za mtoto. Nikamwona mwanamke amesimama ng'ambo ya uzio wangu wa minyaa, amejifunga shuka mbili, vumbi mpaka magotini, mgongoni amembeba Neema. Mama mkwe wako. Alikuwa ametoka Masieda. Dada, yule mama ambaye hakumwazima jirani chumvi miezi minne kwa kushika metimani, amevuka kijito, amepanda gari la watu, amekuja hadi Katesh na nyumba haijafunguliwa. Hakuingia getini. Alisimama pale pale na kunisubiri.

Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba. Usisogee. Nimekuja unisomee kitu."

Akapitisha mkono juu ya uzio na kunipa karatasi. Nikaitambua kabla sijaikunjua. Ilikuwa ile ya picha yako ya kwanza, imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa kilichofuliwa sana. Alisema aliikuta ndani ya kitabu chako cha nyimbo alipokuwa anapanga vitu vyako, na kwamba shemeji hataki kuiangalia, na yeye hataki kuwapa wajukuu wakubwa waisome. "Inasema nini?" akaniuliza.

Nikamsomea. Arudi baada ya wiki mbili, picha irudiwe, kama kuna kilichobaki achukuliwe kinyama.

Neema alikuwa anavuta ushanga wake. Halafu akasema, "Mimi niliambiwa ni usaha tu. Kama ningejua kuna kurudi ningemtoa mwenyewe." Akaniangalia. "Wewe ulijua?"

Nikasema, "Nilijua, mama."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa. Alikunja uso tu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni, akasema, "Na mimi nilijua kwamba titi halijarudi sawa. Nilimwona akioga. Nikasema nyumba ikifunguliwa." Tukasimama hivyo, yeye upande ule na mimi upande huu, kila mmoja na cha kwake. Sijui kama ningemchukia ingekuwa rahisi zaidi. Kwa miezi hii nilikuwa nimejiandalia kumchukia yeye, nawe umenirudishia mzigo wangu kwa mkono wake.

Kisha akauliza, "Nimesikia na wewe umevimba. Karatasi yako inasemaje?"

Nikamwambia inasema hivyo hivyo. Tarehe ilikuwa kesho yake, yaani leo. Nikamwambia pia kwamba sina hakika kama nitakwenda, maana titi limepona. Hilo ni kweli, dada, nisikufiche. Haliumi. Wekundu umeisha. Nikibonyeza nasikia kitu kama punje ya maharage, halafu nikibonyeza tena sikisikii. Nina vitenge vya harusi vya kushona. Na naogopa. Naogopa kwamba atakikuta kitu, na naogopa kwamba hatakuta kitu, halafu mimi nimepona ugonjwa ule ule, kwenye kitanda kile kile, na wewe uko pale mlimani chini ya mawe. Nitalielezaje hilo?

Mama mkwe wako hakunijibu mambo yote hayo, maana sikumwambia yote. Akasema, "Utakwenda. Mtoto nitambeba mimi."

Akabaki amesimama. Nikaelewa kwamba anasubiri nimkaribishe, na kwamba nisipomkaribisha atageuka arudi Masieda, wala hatanilaumu. Lusia alikuwa amelala ndani, mtoto anayenyonya, ndiye hasa yule ambaye wazee wanasema asikaribiwe. Dada, miguu ilikataa. Nakuambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia mtu. Nilisimama na nguo za mtoto mkononi, na nikakuona wewe mlangoni unauliza, "Nimshike?"

Nikafungua geti. Nikasema, "Karibu ndani, mama." Safari hii sikuchelewa sana.

Sasa ni asubuhi, chai iko mezani, naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Yeye yuko uani amekaa kwenye kigoda, watoto wetu wawili wako mapajani mwake, wanavutana nywele. Lusia hajapata lolote. Au bado, kuna sauti ndani yangu inasema bado, nayo siwezi kuinyamazisha, naibeba tu. Sijui kama mama huyu amevunja metimani kwa ajili yangu au kwa ajili yako. Sijui kama nakwenda kwa kuiamini mashine au kwa kukuogopa wewe. Nimeacha kutaka kujua kila kitu kabla ya kunyanyuka.

Nikuahidi hivi. Daktari akisema kinyama, nitampa kinyama. Akisema nirudi tena, nitarudi, hata kama haliumi, hata nyumba ya nani ikiwa imefungwa. Jibu nitakalopewa nitalisema kama lilivyo, kwa Boay na kwa mama huyu, bila kulipunguza. Na Neema akikua, akaanza kunyonyesha wake, titi lake likavimba, mimi ndiye nitakayempeleka mara ya kwanza, na mara ya pili.

Karatasi yako na yangu nimezitia kwenye pochi moja. Lala salama, dada Emi. Gari linapiga honi barabarani, na titi haliumi, na ninakwenda.

Mdogo wako,
Paskalina